Balozi Aliyeanza Kazi Akiwa na Miaka 3

Katika hoteli nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, orodha ya vinywaji visivyo na kileo huwa na jina la Shirley Temple: soda ya tangawizi iliyotiwa sharubati nyekundu ya komamanga, na cheri moja juu. Watoto hukipenda kinywaji hicho. Wengi wanaokiagiza hawajui kwamba hilo ni jina la mtu, na wanaojua humkumbuka kama mtoto wa sinema za Marekani za miaka ya 1930, mwenye mashavu ya duara na nywele za mviringo kichwa kizima. Mimi nilimjua kwa njia nyingine. Nilipoanza kazi ya itifaki serikalini, mkuu wangu, mama mmoja mkali wa saa na mkali wa bendera, alipenda kutufundisha kwa habari za watu. Mmoja wa watu wake alikuwa Balozi Shirley Temple Black. Hakututajia filamu hata moja. Alitueleza mwanamke aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, kisha Mkuu wa Itifaki mjini Washington, kisha balozi nchini Chekoslovakia mwaka ule utawala wa kikomunisti ulipoanguka. Habari za sinema nilizipata baadaye, na nilipozipata nilielewa kwa nini mama yule alizipuuza.

Hata hivyo siwezi kuzipuuza hapa, maana bila hizo msomaji hataona umbali aliotoka.

Shirley Temple alizaliwa Santa Monica, California, tarehe 23 Aprili 1928. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki. Mama yake, Gertrude, alimpeleka kwenye shule ya dansi angali mdogo sana, na huko ndiko watengenezaji wa filamu walikomwona. Mwanzoni mwa 1932, kabla hajatimiza miaka 4, alikuwa tayari anaigiza katika mfululizo wa filamu fupi ambamo watoto wadogo waliovalishwa nepi waliigiza mambo ya watu wazima. Mtoto aliyesumbua kazini aliingizwa kwenye kisanduku cheusi chenye bonge la barafu ndani, akakaa humo peke yake hadi atulie. Shirley mwenyewe aliyasimulia hayo ukubwani, bila kulalamika, akisema humo ndimo alimojifunza kwamba kupoteza muda ni kupoteza fedha za watu. Wapo wanaomsifu kwa moyo huo. Mimi naona ulikuwa ukatili, na mtoto kuumudu ukatili hakumwondolei lawama aliyeufanya.

Mwaka 1934 kampuni ya Fox ilimchukua, na katika mwaka huo mmoja akawa maarufu nchi nzima. Mnamo Februari 1935, akiwa na miaka 6, alipewa tuzo ndogo ya Oscar iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na hakuna mtoto aliyewahi kuipata kabla yake. Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi: benki zimefilisika, mamilioni hawana kazi, watu wanapanga foleni za supu. Kwa senti chache mtu aliingia gizani, akamtazama mtoto anayeimba na kucheza, akasahau kwa saa moja na nusu. Kuanzia 1935 hadi 1938, miaka minne mfululizo, hakuna mwigizaji mkubwa wala mdogo aliyevuta watu wengi kwenye kumbi za sinema za Marekani kumshinda yeye. Rais Franklin Roosevelt alimsifu hadharani. Viwanda viliuza wanasesere wenye sura yake. Kampuni ilimpunguzia mwaka mmoja katika umri wake ili aendelee kuonekana mdogo, na yeye mwenyewe hakujua hadi siku ya kuzaliwa aliyodhani anatimiza miaka 12, alipoambiwa kuwa ana 13.

Katika filamu ya The Little Colonel ya mwaka 1935 alicheza dansi ya ngazini na Bill Robinson, mchezaji Mweusi aliyekuwa bingwa wa dansi ya viatu vya kugonga. Wanahesabiwa kuwa jozi ya kwanza ya Mweusi na Mzungu kucheza pamoja katika filamu za Hollywood, na sehemu walizoshikana mikono zilikatwa katika baadhi ya miji ya Kusini mwa Marekani. Nimeitazama dansi ile mara nyingi, na ni nzuri kweli. Filamu yenyewe inaumiza. Watu Weusi wote waliomo ni watumishi, wamepewa maneno ya kuwafanya waonekane wajinga, na enzi ya utumwa inasimuliwa kama utoto wa raha. Mtoto wa miaka 6 hakuandika hadithi ile. Lakini filamu za aina hiyo ndizo zilizompa jina, na karibu miaka 40 baadaye alikwenda na jina hilo hilo katika nchi ya Kwame Nkrumah.

Umaarufu ule haukudumu. Filamu ya The Blue Bird ya mwaka 1940 haikupata watu, mkataba ukaisha, akapelekwa shule ya wasichana kama watoto wengine. Aliendelea kuigiza katika ujana wake, akaolewa akiwa na miaka 17, akaachika, na mwaka 1950 akatangaza kuwa ameacha sinema. Alikuwa na miaka 22 tu. Ndipo alipogundua kwamba kati ya zaidi ya dola milioni 3 alizochuma tangu utotoni, zilizobaki kwa jina lake ni kama dola 44,000. Nyingine zilikuwa zimekwisha mikononi mwa wakubwa waliokuwa wakizisimamia. California ilikuwa tayari imepitisha sheria mwaka 1939 ya kumwekea mtoto mwigizaji sehemu ya malipo yake, baada ya kijana mwingine, Jackie Coogan, kumshtaki mama yake mwenyewe kwa fedha alizochuma. Kwake ilikuwa haijasaidia. Nasimama hapa kidogo kwa sababu watoto wetu nao sasa wanaigiza tamthilia, wanaimba, wanatangaza sabuni na unga wa uji, na fedha zao huingia katika simu ya mzazi. Mzazi anayesoma haya amfungulie mwanawe akaunti leo.

Mwaka huo huo wa 1950 aliolewa na Charles Black, mfanyabiashara aliyekutana naye Hawaii, ambaye inasemekana alimwambia hajawahi kuona filamu yake hata moja. Waliishi pamoja hadi mume alipofariki mwaka 2005. Kwa wanadiplomasia yeye ni Shirley Temple Black, au Bi Black kwa kifupi, na nitamwita hivyo kuanzia hapa.

Njia yake ya kuingia katika mambo ya nje ilianzia nyumbani, kwa ugonjwa. Kaka yake George alipata maradhi ya mfumo wa fahamu yanayoharibu ubongo na uti wa mgongo polepole, na Bi Black akajitosa katika vyama vya kusaidia wagonjwa wa aina hiyo, akashiriki kuunda shirikisho lao la kimataifa. Kwa kazi hiyo alisafiri kwenda Prague mwezi Agosti 1968. Chekoslovakia ilikuwa inajaribu kulegeza minyororo chini ya kiongozi wa chama cha kikomunisti, Alexander Dubček, na Bi Black alikuwa na miadi ya kuonana naye. Siku ya miadi ndiyo siku vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake vilipoingia mjini. Alikwama hotelini, akapanda juu ya paa, na kutoka huko alimwona mwanamke asiye na silaha akipigwa risasi na wanajeshi. Aliondoka kwa msafara wa magari hadi mpaka wa Ujerumani Magharibi. Picha ya mwanamke yule haikumtoka maisha yake yote.

Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo alikuwa amegombea ubunge kwa chama cha Republican huko California, na ameshindwa. Wapinzani na waandishi walimtania sana kwa filamu zake za utotoni. Sidhani kama ni bahati mbaya kwamba alishindwa. Bungeni angekuwa kiroja kwa miaka mingi. Katika Umoja wa Mataifa alikopelekwa na Rais Richard Nixon mwaka 1969, kama mjumbe wa nchi yake kwenye Baraza Kuu, alikaa na watu ambao hawakuwa na haja ya nyimbo zake.

Namna alivyofika huko inafaa kuelezwa. Henry Kissinger, mshauri wa Nixon wa usalama wa taifa, alimsikia kwenye tafrija akizungumzia Afrika Kusini Magharibi, nchi tunayoiita leo Namibia, akashangaa kwamba anaijua. Mwaka ule Dar es Salaam kila msoma gazeti aliijua Namibia, maana Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake pale, na SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia, walikuwa na ofisi mjini. Washington haikuwa hivyo. Bi Black alikuwa amesoma. Mkuu wangu wa itifaki alirudia jambo hili mara kwa mara: mgeni anayejua nchi yako ilipo, na anayejua nani anaitawala kwa nguvu, ameshafanya nusu ya kazi kabla hajafungua mkoba.

Mwaka 1972 alikuwa katika ujumbe wa Marekani kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, Stockholm, mkutano uliozaa UNEP, shirika la mazingira la umoja huo lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Mwishoni mwa mwaka huo aligundulika na saratani ya titi. Desturi ya siku zile ilikuwa mwanamke apewe dawa ya usingizi bila kujua ataamka na titi au bila titi, kwani daktari aliyekuta saratani aliendelea moja kwa moja kukata. Bi Black alikataa. Alitaka uchunguzi ufanyike kwanza, aamke, asikie majibu, halafu yeye mwenyewe aamue. Baada ya upasuaji aliita waandishi wa habari akiwa bado hospitalini, akawaambia wazi alichofanyiwa na kuwahimiza wanawake wasiogope kwenda kupimwa. Hakuna mwanamke maarufu wa hadhi yake aliyekuwa amesema hivyo hadharani, na barua alizopokea zilihesabika kwa maelfu. Kwangu hiki ni kitendo cha kidiplomasia kuliko hotuba nyingi nilizozisikia: kusema jambo gumu, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wasiotaka kulisikia.

Rais Gerald Ford alimteua kuwa balozi nchini Ghana mwaka 1974, akawasilisha hati za utambulisho Accra tarehe 6 Desemba. Nieleze kidogo kwa wasiojua. Balozi mteule akishafika huwa bado hajawa balozi kamili. Hupeleka kwanza nakala za hati zake wizara ya mambo ya nje, kisha husubiri siku ya kuitwa ikulu, ambako humkabidhi mkuu wa nchi barua halisi kutoka kwa mkuu wa nchi yake. Kabla ya hapo hupaswi kumwona akizungumza kwa cheo mahali popote. Ni siku ambayo macho yote humtazama mtu mmoja, na afisa wa itifaki hujua katika dakika ile kama aliyeletwa ni mtu wa kazi au ni mtu wa picha. Marekani huteua mabalozi wa aina mbili, waliopanda ngazi katika wizara na waliochaguliwa na rais kwa sababu za kisiasa. Bi Black alikuwa wa aina ya pili, na magazeti ya kwao yaliuliza kwa nini Afrika inapelekewa nyota wa sinema.

Ghana ilikuwa chini ya Kanali Ignatius Acheampong, aliyechukua madaraka kwa mapinduzi Januari 1972 na kukataa kulipa sehemu ya madeni ya nje. Kakao ilikuwa ndiyo mshipa wa uchumi, na umeme wa bwawa la Akosombo ulikuwa unaendesha kiwanda cha alumini cha Wamarekani mjini Tema. Kulikuwa na mambo mengi ya kugombania. Bi Black alijenga uhusiano na wanawake wa sokoni, akina mama wauza vitambaa na vyakula ambao mikononi mwao ndimo biashara ya Accra ilimokuwa, na ambao serikali yoyote ya Ghana iliwaogopa. Alivaa vitenge vya huko, akapewa heshima ya uchifu. Wako watakaosema hayo ni mambo ya picha. Mimi nasema balozi anayewajua wauza soko hupata habari za bei ya gari la mihogo wiki mbili kabla ya wizara ya fedha, na bei ya mihogo ndiyo huangusha serikali. Yeye mwenyewe alieleza akiwa huko kwamba Waghana hawakuwa na shida kumchukulia kama mwanamke na mwanadiplomasia. Waliomsumbua walikuwa Wamarekani, waliokataa kuamini kwamba amekua.

Jaribu lake kubwa lilikuja Aprili 1976. Kissinger, sasa waziri wa mambo ya nje, alifanya ziara ya Afrika iliyompitisha Nairobi, kisha Dar es Salaam kwa mazungumzo na Mwalimu Nyerere kuhusu Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kisha Lusaka, alikotangaza tarehe 27 Aprili kwamba Marekani inaunga mkono utawala wa walio wengi. Accra ilikuwa katika ratiba. Dakika za mwisho Ghana ikafuta ziara, serikali ikisema Acheampong anaumwa. Aliyewahi kuandaa ziara ya aina hiyo anajua maana yake: magari yameshapangwa kwa namba, orodha ya chakula imeshapitishwa, bendera zimeshapigwa pasi, na simu moja inafuta vyote. Balozi katika saa ile ana watu wawili wa kuwatuliza, waziri wake aliyedharauliwa na wenyeji wake ambao kesho atawahitaji. Kissinger hakuwa mtu wa kusahau. Bado haikupita miezi mitatu, Bi Black akaitwa Washington na kupandishwa kuwa Mkuu wa Itifaki wa Marekani, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Naipima kazi yake ya Accra kwa ushahidi huo.

Mkuu wa Itifaki hukaa kati ya rais na ulimwengu. Yeye huwapokea wakuu wa nchi uwanja wa ndege, huwapeleka mabalozi wapya ikulu, huamua nani anakaa karibu na nani, na husuluhisha pale gari la ubalozi linapomgonga mtu na dereva anapodai kinga. Watu huona vikombe na maua, lakini nchi hununa kwa sababu ya kiti. Bi Black alikaa pale miezi michache tu, kuanzia Julai 1976 hadi Januari 1977, kwa kuwa Ford alishindwa uchaguzi. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kusaidia kuandaa kuapishwa kwa Jimmy Carter, mpinzani wa chama chake. Mama yule aliyetufundisha alilisema hili akiwa amesimama: ukimwandalia mshindi wa upande mwingine sherehe kwa uangalifu ule ule ambao ungemwandalia wa kwako, basi wewe ni mtumishi wa serikali.

Katika miaka ya 1980 alishiriki kuwafundisha mabalozi wapya wa Marekani kabla ya kwenda vituoni. Mwaka 1987 wizara ya mambo ya nje ilimtunuku hadhi ya afisa wa heshima wa utumishi wa nje, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla yake. Hadhi hiyo ilitoka katika wizara ya wanadiplomasia waliopanda ngazi, watu ambao 1974 baadhi yao walikuwa na mashaka naye.

Kisha Rais George Bush akamrudisha Prague. Tarehe 23 Agosti 1989, siku chache baada ya kutimia miaka 21 tangu vifaru vile, alikabidhi hati zake kwa Rais Gustáv Husák, mtu aliyewekwa katika kiti cha Dubček mwaka 1969. Polisi wa siri wa nchi ile walijulikana kwa herufi StB, na herufi za mwanzo za majina yake zilikuwa S.T.B. Wakati huo Prague ilikuwa bado ya woga: mwandishi Václav Havel alikuwa ametoka gerezani miezi mitatu tu iliyopita. Tarehe 17 Novemba polisi waliwapiga wanafunzi waliokuwa wakiandamana, na baada ya hapo mitaa ikajaa watu usiku baada ya usiku. Tarehe 24 uongozi wa chama ukajiuzulu. Tarehe 27 nchi nzima ikagoma kwa saa mbili. Husák akaondoka tarehe 10 Desemba, Dubček akawa spika wa bunge tarehe 28, na tarehe 29 Havel akachaguliwa kuwa rais.

Balozi aliyekuja kushughulika na utawala mmoja alijikuta, baada ya miezi minne, anashughulika na mwingine ambao watu wake jana walikuwa wafungwa. Hapo ndipo mabalozi wengi hukosea, kwa kuwa walikuwa wamezoea kuonana na wakubwa tu. Ubalozi wa Marekani ulikuwa na mawasiliano na wapinzani tangu zamani, na Bi Black aliyaendeleza. Havel alipokwenda Washington Februari 1990, balozi alikuwa naye safarini. Mwezi Novemba mwaka huo Bush mwenyewe alifika Prague, rais wa kwanza wa Marekani kuizuru nchi hiyo akiwa madarakani. Na mwezi Juni 1991 wanajeshi wa mwisho wa Kisovieti waliondoka Chekoslovakia, miaka 23 kasoro tangu waingie. Yule aliyewaona wakiingia akiwa juu ya paa la hoteli ndiye aliyekuwa balozi wa Marekani siku wanaondoka.

Alimaliza kazi Prague Julai 1992. Alifariki nyumbani kwake Woodside, California, tarehe 10 Februari 2014, akiwa na miaka 85, na dunia nzima ikatangaza kifo cha mtoto wa sinema. Sinema zilimchukua chini ya miaka 20. Utumishi wake wa mambo ya nje ulianza 1969 ukaisha 1992. Nawaomba waandishi wenzangu, atakayeandika habari zake tena, aanzie Accra.